Shamba Alilonipimia Shemeji

Magamba, Lushoto
11 Juni 1955

Kaka Zahoro,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta mmeamka salama hapo nyumbani, wewe na wifi Hadija na watoto, na kwamba mgongo wako umepunguza kukusumbua. Mimi nimefika na sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi.

Treni ilitushusha Mombo jua likiwaka, nikasema mbona hapa ni Tanga tu, hiyo baridi wanayoisema iko wapi? Nikapata lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, nikakaa mbele na dereva. Kila kona tuliyopinda nilijifunga kitu. Tulipofika Lushoto kanga zangu zote zilikuwa mwilini, na dereva akaniuliza kama nilikuwa nazileta kuuza. Shemeji Kibwana alikuwa akinisubiri sokoni na blanketi begani. Unamkumbuka, yule kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mrefu, aliyekuja kwenye msiba wa Abdi akakataa kukalia kiti. Amekonda. Miaka aliyopasua mbao msituni imemwachia kikohozi, na kazi ya mbao ameiacha, analima tu. Alinipokea vizuri, na mkewe Mwamvita alinipokea vizuri zaidi.

Kaka, nimelala. Sina habari kubwa kuliko hiyo. Nalala usiku, naamka nakunywa uji, nalala tena. Tangu Abdi alipoanza kuugua mpaka tunamzika, miaka mitatu, sikuwahi kulala masikio yote mawili. Moja lilibaki likimsikiliza, anataka maji, anataka kugeuzwa. Hata nilipomaliza eda sikio lile lilikataa kulala, na ndiyo maana siku ile nikaanguka mbele ya karai la vitumbua. Dresa wa zahanati alisema nahitaji hewa ya mlimani. Mimi nadhani nilihitaji mahali ambapo hakuna mtu anayeniita. Hapa haniiti mtu. Mwamvita hata kuni hanikubalii niokote.

Msimu wa wageni umepita. Wazungu wanaopanda kukimbia joto wamekwisha rudi chini, nyumba zao zimefungwa madirisha, na mbuzi wanakula majani kwenye uwanja wao wa tenisi. Jana Mwamvita alinipeleka kwenye nyumba moja inayolindwa na mpishi aitwaye Yohane, ambaye hana wa kumpikia mpaka Desemba. Alitupa chai, tukainywa barazani kwenye viti vya wenyewe, tukatazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Mimi niliegemea kabisa, miguu nikainyoosha. Mwamvita alikaa kwenye ukingo wa kiti, akamaliza chai yake ingali moto, akasema twende.

Nitakaa mpaka Idi ipite, kisha nirudi kwenye vitumbua vyangu. Mwambie wifi afungue dirisha la chumba changu mara moja moja, kisipate uvundo.

Mdogo wako,
Hamida


Tanga
20 Juni 1955

Dada yangu Hamida,

Marahaba, na salaam tele kutoka kwetu sote. Tumeisoma barua yako kwa sauti, watoto wakacheka habari ya kanga mpaka nikawafukuza. Sisi wazima kiasi. Mgongo ni ule ule. Karani wa bohari la katani anashinda kwenye kiti, akirudi nyumbani amechoka kuliko mpagazi, na hakuna anayemwamini, mkewe akiwa wa kwanza.

Nimefurahi kusikia unalala. Lala. Sioni sababu ya kuhesabu Idi. Tanga hakuna lililoharibika kwa kutokuwepo kwako, hata wateja wako wa vitumbua wamejifunza kula mkate. Kaa huko ukae, upate rangi. Na shemeji Kibwana ni mtu mzima mwenye busara, kama kuna jambo atakalokuongoza, mfuate. Hao ni watu wako vilevile.

Mama mkwe wangu amekuja kutoka Pangani na mguu umevimba. Nyumba imejaa kama treni ya Jumamosi. Wifi yako anakusalimu, anasema umletee pilipili za huko na mbegu za kabichi.

Kaka yako,
Zahoro


Magamba
5 Julai 1955

Kaka Zahoro,

Shikamoo. Vipi hali zenu, na mguu wa bibi unaendeleaje? Mwambieni pole. Mimi nimenenepa. Kanga niliyoizungusha mara mbili sasa inazunguka mara moja na nusu, usimwambie mtu.

Lakini usingizi nao una mwisho wake. Nilianza kuamka kabla ya jogoo, nikawa nazunguka uani sina la kushika, maana Mwamvita ananinyang'anya kila kitu mkononi, ufagio, sufuria, mtungi. Anasema mgeni ni mgeni. Basi wiki iliyopita, tukila, nikamwambia shemeji Kibwana kwa utani: shemeji, nipe na mimi kipande cha ardhi hata upana wa mkeka, nipande maharage, mikono yangu inaota kutu. Kaka, yule mzee aliacha kula. Akaniuliza, "Umesema mwenyewe?" Nikamjibu ndiyo, nani mwingine angenisemea? Akasema vema.

Asubuhi yake akaja na wazee wawili wa ukoo, wamevaa kanzu na makoti. Akanipimia kipande kizuri mno kando ya mfereji wa maji, ardhi nyeusi, akachomeka vijiti kwenye pembe, na wazee wakaomba dua. Nikajisemea, watu wa huku wanaheshimu kilimo. Sisi wa pwani tungempa mtu jembe na kumwonyesha kichaka. Nilipolishika jembe kulima mstari wa kwanza, wanawake waliokuwa wakiteka maji walipiga vigelegele. Nilidhani wanamshangilia mwanamke wa mjini kwa kujua upande gani wa jembe unaolima! Mwamvita alinikumbatia, akalia. Nikamwambia dada, ni maharage tu.

Tangu siku hiyo napendwa mpaka naona haya. Nikipita njiani wanaoniamkia hawaniiti tena mgeni. "Onga mshi," wananiambia, ndiyo salamu yao ya mchana, na wengine wanainama kidogo. Sokoni nimepewa viazi vya bure. Nimepanda maharage na kabichi, nayatazama kila asubuhi kama mtu aliyezaa. Sijui lini mara ya mwisho nilifanya kazi ambayo haikuwa ya kumtunza mtu wala ya kumlisha mtu. Nimefurahi kaka, nasema wazi. Nilisahau kwamba naweza.

Mdogo wako mkulima,
Hamida


Tanga
16 Julai 1955

Dada Hamida,

Salaam. Hatujambo. Barua yako imefika na nimeisoma peke yangu.

Nimefurahi sana kwamba umepata shamba. Ni jambo la heri. Nataka ujue kwamba hapa hakuna anayekuharakisha, na wala usiwe na mawazo kuhusu chumba chako. Bibi analala humo kwa sasa, maana hawezi ngazi za nyuma. Vitu vyako tumevifunga vizuri kwenye sanduku na karai lako tumelining'iniza jikoni.

Shemeji Kibwana ni mtu asiye na makuu. Mwenye nyumba yake, mwenye ardhi yake. Siku hizi si wengi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi, kazini kuna mzigo wa meli.

Kaka yako,
Zahoro


Magamba
3 Agosti 1955

Zahoro,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea, si kwa sababu nyingine. Habari za afya sikuulizi leo, nitakuuliza siku nyingine.

Siku ya Idi shemeji Kibwana alichinja mbuzi. Baada ya swala alituita mimi na Mwamvita sebuleni, akatukabidhi kila mmoja doti ya kanga. Nilifurahi, nikaifungua. Mwamvita akafungua yake. Rangi moja, maua yale yale, jina lile lile. Kaka, mimi nimezaliwa pwani. Ni mwanamume gani anayewanunulia wanawake wawili kanga za namna moja ili asionekane ana upendeleo? Nilizikunja tena kama zilivyokuwa.

Nikamvuta Mwamvita uani. Nikamwuliza, dada, mimi ni nani katika nyumba hii? Akashangaa kama nimemuuliza jua linatoka wapi. Akasema, "Si ulishika jembe mwenyewe?" Ndipo akanieleza. Kwa ukoo wao, mke anajulikana kwa shamba. Mume akioa, anampimia mke shamba lake. Mume akifa, ndugu wa marehemu anaweza kumpimia mjane kipande mbele ya wazee. Mjane asipotaka, analipita tu shamba lile, hakuna anayemuuliza, hakuna anayeaibika. Akitaka, anashika jembe. Akishalima mstari wa kwanza amekubali, na sheikh atakuja kufunga ndoa mavuno yakiwa tayari. Mimi sikungoja hata kupimiwa. Mimi niliomba! Mlima mzima unajua kwamba mwanamke wa Tanga alimposa shemeji yake akiwa na tonge mkononi.

Ningecheka, Zahoro, kama si lililofuata. Siku ya pili ya Idi kifua cha Kibwana kilimbana. Alikohoa asubuhi nzima akatema damu. Mwamvita alinikabidhi bakuli na kitambaa, akaniambia, "Leo wewe," akaenda kujilaza. Nami nikakaa. Nikamwinua, nikamfuta, nikamnywesha maji kwa kijiko, mikono inajua yenyewe. Na lile sikio, kaka, lile lililokuwa limelala tangu Juni, nikalisikia likiamka.

Ni mgonjwa kama Abdi alivyokuwa mgonjwa. Najua mwanzo wake, najua katikati yake, najua mwisho wake. Hawakutafuta mke, wametafuta mtu aliyekwisha jifunza kazi.

Kibwana alipopata nafuu nilimwuliza kama kwetu kuna anayejua jambo hili. Akanijibu bila kuficha, maana yeye hana cha kuficha, "Kaka yako alisema hana kizuizi." Je, ulisema? Ulisema kabla sijapanda treni? Nijibu kwa maneno machache, sina nguvu ya mengi. Nimechoka tena, kaka. Nimechoka kama nilivyokuja.

Hamida


Tanga
12 Agosti 1955

Dada yangu mpendwa Hamida,

Salaam kwa wingi. Nimeandika barua hii nikaichana, hii ni nyingine.

Ndiyo. Kibwana aliniletea ujumbe baada ya eda yako, kwa mdomo wa dereva wa lori la mboga, ambaye hufika Tanga mara moja moja. Alisema angependa mke wa mdogo wake asihangaike. Nikamjibu kwamba mimi kama walii wako sina kizuizi, mwenyewe akiridhika. Maneno hayo hasa, akiridhika. Nikaona ukipanda huko ukapumzika, ukawaona watu na nchi yenyewe, huenda utaridhika bila mtu kukusukuma. Ulipoandika umeomba shamba, wallahi nilidhani umeelewa na umependa. Ningejuaje? Hata sisi wengine ndugu zako wa pwani hatuzijui desturi zote za mlimani.

Usinione mtu mbaya. Fikiria na upande wangu. Nina watoto, nina mama mkwe, nina mgongo. Nilikuwa nakuona unakaanga vitumbua alfajiri macho yamezama, nikajiuliza, mimi nikianguka nani atamtazama huyu? Huko una ardhi, una chakula, una heshima. Kibwana hajawahi kumpiga Mwamvita hata kofi. Kuhusu ugonjwa sikujua kwamba umefikia kutema damu. Nilisikia kikohozi tu.

Bado unaweza kukataa, sheria iko upande wako. Lakini nakuomba ufikiri kwanza. Bibi bado yumo chumbani kwako na mguu haujapona, sijui nitamweka wapi.

Kaka yako,
Zahoro


Tanga
30 Agosti 1955

Hamida dada yangu,

Hujambo? Sijapata jibu lako. Dereva anasema alikuona mara moja sokoni Lushoto na kabichi kichwani, ukamwamkia lakini barua hukumpa.

Wifi yako haongei nami. Ameisoma barua yako ya Idi. Aliniuliza kama nami nikifa atapimiwa shamba na nani.

Andika hata neno moja. Kama umekubali, niambie. Kama umekataa, niambie.

Kaka yako,
Zahoro


Magamba
10 Septemba 1955

Kaka Zahoro,

Shikamoo. Leo nauliza hali: hamjambo? Mgongo je? Mimi ni mzima. Usinilaumu kwa kimya, nilikuwa na maneno ya kusema huku kwanza kabla ya kuyaandika.

Nilimwendea shemeji mchana, akiwa anaota jua nje, nikapiga magoti. Nikamwambia, shemeji, nakuheshimu, na aliyenikosea si wewe. Niliomba ardhi kwa sababu nilikuwa sina la kufanya. Sikujua nasema nini. Aliinamisha uso, nikadhani amekasirika. Kumbe anajizuia kucheka. Akasema, "Hata maharage tu?" Nikasema maharage na kabichi. Alicheka, Zahoro, mpaka akakohoa, mpaka nikamshika mgongo, na akikohoa bado anacheka. Akasema wazee wale wawili hatawaambia, maana walikuja na kanzu zao. Kisha akawa mtu wa makini, akanieleza kwamba alitaka mtu wa kuwa naye kifua kitakapozidi, anaogopa. Alisema hivyo hivyo, naogopa. Nilimhurumia sana, na huruma hiyo karibu inibakize. Nakuambia ujue ilikuwa karibu.

Nikamwambia, una watoto wa kiume wawili wakubwa, wanashinda kwenye mashine ya mbao wakirudi wanakuta chakula. Hao ndio damu yako. Kuinua mtu mgonjwa hakuhitaji ndoa. Basi jioni zote hizi nimekuwa nawafundisha. Namna ya kumlaza aweze kupumua, namna ya kupika uji mwepesi, namna ya kumfuta asione haya. Mkubwa alikataa siku mbili, akasema hiyo kazi ya wanawake. Mdogo alipomwinua baba yake mara ya kwanza alimnyanyua kwa mkupuo, mzee akamwambia taratibu, mimi si gogo. Sasa wote wanaweza. Wanafanya vibaya, lakini wanafanya.

Aliyenishinda ni Mwamvita. Nilipomwambia sitaolewa hapa, hakunitukana. Aliinuka akaenda kuteka maji, akarudi akaenda tena, mitungi yote imejaa bado anateka. Ikawa hivyo siku kadhaa. Halafu tukiwa shambani tunapalilia akaniambia bila kunitazama, "Nilishaanza kuzoea kwamba tuko wawili." Akaniambia siku ile ya Idi alipojilaza, ilikuwa mara ya kwanza kulala mchana tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na mtoto huyo sasa ana ndevu. Kaka, mimi nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miezi, nimekula, nimenenepa, nikiandika barua kwamba huku hakuna anayeniita. Walikuwa wanamwita yeye.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Nashuka Jumamosi ijayo na lori la mboga, na treni ya Mombo itatufikisha jioni. Nimesema itatufikisha. Nakuja na Mwamvita. Atakaa mwezi, akipenda miwili. Kibwana ametoa ruhusa, na mwanawe mkubwa amenuna, ambayo ni dalili nzuri. Bibi mwambieni asihame, mguu wake una haki. Mimi na Mwamvita tutalala na bibi, vitanda viwili na mkeka vinaenea, nilishapima kwa kichwa. Kazi ya vitumbua nitaianza tena wiki ya pili, na safari hii nitakodi kibanda changu sokoni, kidogo kidogo, nihame kwako kwa miguu yangu mwenyewe. Sijakusamehe bado. Nitakula kwako hivyo hivyo.

Jana nilimwambia Mwamvita habari ya safari. Aliuliza atakwenda kufanya nini Tanga. Nikamwambia hakuna. Akasema, lakini kwa kaka yako kuna mgonjwa? Nikasema kuna bibi mwenye mguu, na ana binti yake wa kumtazama. Akauliza asubuhi nani anaamka kuwasha moto. Nikasema si wewe. Akakaa chini palepale kwenye maharage, jembe kalishika, akaniuliza tena polepole kama mtoto anayeogopa kudanganywa, "Hakuna kabisa?"

Nikamwambia hakuna kabisa. Nawe kaka, njoo stesheni na blanketi moja jepesi, si kwa baridi, ni la kumtandikia Mwamvita kwenye gari la ng'ombe la kutupeleka nyumbani, maana nadhani atalala njiani.

Mdogo wako,
Hamida